Hedifoni za Isdori na Jibu la Scola

Kijiwe chetu cha kahawa hapa Sumbawanga kina mabenchi mawili, birika moja, na wataalamu wa kila kitu isipokuwa kazi zao. Asubuhi hiyo ya Julai upepo ulikuwa unakata masikio, na Isdori alikuwa ameyafunika ya kwake kwa hedifoni kubwa alizonunua mtumba. Siku nne nzima anasikiliza ujumbe mmoja wa sauti kutoka kijiji cha Kate. Alimwuliza Scola, binti anayempenda, kama anataka waoane, naye Scola akajibu akiwa shambani. Upepo ukavuma kwenye simu, ukameza mwanzo na mwisho wa neno. Limebaki "...tak..." basi. Nataka? Sitaki? Mshenga anaondoka kesho na barua ya posa, na maskini Isdori hajui amwache aende au amzuie.

— Hedifoni hazina kosa, — alisema Meshack, fundi redio, ambaye kijiweni ni Fundi Waya. — Hizi ni za studio, zinakula nguvu. Simu haiziwezi. Zinataka amplifaya yake pembeni.

— Si nilisema! — alidakia Victor wa bodaboda, anayeitwa Hakimu kwa kuhukumu kila kesi. — Haba na haba hujaza kibaba. Sauti ndogo, unaweka mashine, inajaa!

— Amplifaya ikikuza sauti, na upepo si utakua? — aliuliza Mzee Benjamini, mpiga kengele wa parokia. — Mtaezua nyumba ya watu.

Isdori alizikaza hedifoni masikioni. Hilo hakuliwaza.

— Mzee wangu, kwa heshima, usipoziba ufa utajenga ukuta, — alisema Meshack. — Kama ni upepo, tunaweka kigeuzi. Ndani ya simu sauti ni namba tupu. Kigeuzi kinazichukua zile namba, kinazigeuza ziwe sauti. Hiki cha simu ni cha bei chee, kinakosea.

— Subiri. Kinageuza? — aliuliza Victor.

— Kinageuza.

Victor akasimama na kikombe chake. — Basi mshikaji, nunua hicho hicho! Hata kama alisema sitaki, kinamgeuza!

Mabenchi yote yakaangua kicheko. Isdori hakucheka, aliona haya kwamba wazo lenyewe limempendeza.

— Hiyo dhambi, — Mzee Benjamini akakunja uso. — Padri akiuliza kama mmekuja kwa hiari, tutasema hiari ya nani? Ya binti au ya betri?

— Mzee, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Huyu hasikii, tunamwokoa guu lake! — alijibu Victor.

— Na fundi wako akichomeka waya kinyume? Binti kasema nataka, mashine ikatoa sitaki?

Isdori akazivua hedifoni haraka, zisije zikaanza.

Mama Avelina, muuza maharage kutoka Mollo, alikuwa ametua kapu lake apate kahawa, na yote ameyasikia.

— Mwanangu, huyo binti simu yake imeharibika?

— Hapana, mama. Nzima.

— Sasa kwa nini usimpigie?

Victor akakaa chini. Meshack akaanza kukuna kidevu.

— Naogopa, mama, — Isdori akasema ukweli wake. — Akisema sitaki nikamsikia vizuri, nitakuwa mgeni wa nani?

Mama Avelina akamnyang'anya simu, akapiga, akaweka spika. Iliita mara moja tu.

— Isdori? Tangu Jumapili nimekwambia nataka, wewe kimya! Umebadili nia?

Isdori akafungua mdomo, machozi yakamtangulia.

— Hajabadili, binti yangu, — Mama Avelina akamjibia. — Siku zote hizi alikuwa anahangaika na amplifaya.

— Amplifaya? — Scola akauliza polepole. — Huyo naye ni nani?

Wataalamu wakatazamana, kila mmoja akamsukuma mwenzake aeleze.