Kigari cha Luciana

Kijiwe cha mteremko wa Chanji kilikuwa gogo moja la mkaratusi, na aliyewahi asubuhi ndiye aliyekalia upande usio na upepo. Siku hiyo ya mwaka sabini na saba baridi ilikuwa inakata masikio, lakini hakuna aliyeondoka, maana Felisiani alikuwa ameleta kitu. Felisiani huyu alikuwa fundi baiskeli. Kijiweni walimwita Fundi Kesho, kwa sababu kila alichokiwaza kilikuwa tayari kesho: mashine ya kupukuchua mahindi, kesho, feni ya kupepetea ulezi, kesho. Leo alisukuma mbele yao kigari cha magurudumu matatu chenye kiti cha mbao. Kilikuwa cha binti yake Luciana, ambaye miguu yake haikupata nguvu tangu augue akiwa mchanga. Amri ilikuwa imetoka kwamba kila mtoto asome, Jumatatu alitakiwa kuanza, na shule ilikuwa kule chini kabisa karibu na kijito. Felisiani alitaka waseme neno moja tu zuri.

— Ndugu Fundi, hii ni ndoto ya mchana yenye magurudumu, alisema Muhuri, karani kutoka Mbeya.

— Si ndoto. Nimekibuni.

— Kubuni kuna karatasi, bwana. Unachora, nakala tatu, mkubwa anatia sahihi. Kisicho na karatasi ni ndoto.

— Acha hizo, alidakia Leonsi, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Tofauti iko tumboni. Mtu akiwaza ameshiba, anaota. Akiwaza na njaa, anabuni.

— Basi wewe unayeshinda hapa na njaa umebuni nini? aliuliza Muhuri.

— Reli. Inatoka Tunduma, inapita hapa, inateremka mpaka Ziwa Rukwa. Samaki wanapanda wenyewe.

— Wenyewe?

— Kuna behewa la maji.

Wakacheka, kisha wakakigeukia kigari. Kwa maneno tu, Muhuri akakiongezea mwavuli na sanduku la mafaili. Redio akakitia injini. Kufikia kikombe cha tatu cha kahawa, kigari kilikuwa kinafika Mpanda bila kupumzika. Felisiani aliona raha. Miezi miwili alikuwa akimwona Luciana akilini, madaftari mapajani, akishuka mteremko huku upepo ukipuliza sare yake.

Hapo akatokea mkewe, Zita, kambeba Luciana mgongoni. Mtoto alikuwa na miaka kumi, mzito sasa.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Zita akamshusha kwenye gogo. Luciana akagusa gurudumu moja, akalizungusha, akautazama mteremko kwa muda mrefu.

— Baba, kupanda watanisukuma wenzangu. Kushuka nitasimamaje?

Muhuri akachungulia kikombe chake. Redio akazimika. Katika mawazo yote ya Felisiani, Luciana alikuwa akishuka. Hakuwahi kumwona akifika.

— Kumbe nilikuwa naota, alisema.

Neno kesho likamjia mdomoni. Zita alikuwa akijinyoosha mgongo, na alikuwa analisubiri. Felisiani akalimeza.

Akaketi yeye mwenyewe kwenye kile kiti, miguu kaikunja, akaangalia barabara kama binti yake atakavyoiona. Alipoinuka akavua katambuga yake moja, ile ya tairi.

— Nani ana mpini wa jembe?

Muhuri, na shati lake jeupe la ukarani, ndiye aliyekwenda kuuazima. Redio akang'oa misumari kwenye gogo. Katambuga ikapigiliwa kwenye ncha ya mpini, na mpini ukafungwa kando ya gurudumu kwa kipande cha tyubu. Felisiani akakaa tena, akajiachia.

Kigari kilianza taratibu, kikachanganya mwendo. Zita akafumba macho. Kilipokaribia kijito Felisiani akavuta mpini, mpira ukabana gurudumu ukalia, vumbi likatimka, na kigari kikasimama.

Akapanda akikisukuma, mguu mmoja peku, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Kahawa ilikuwa imekwisha na hakuna aliyeuliza.

— Mpini uko mbali, alisema Luciana. Mkono wangu haufiki.

Felisiani akaufungua, akausogeza.

— Hapa?

— Karibu kidogo.

— Hapa?

— Hapo, alisema, akanyoosha mikono apakiwe kigarini.