Olga Kadogo, Aliyelia Sokoni Bila Kufiwa

Ndugu muliotoka Kabambare na Lusangi, nanyi wa hapa Kasongo mulioacha mashamba na meza zenu za soko, jamaa inawaomba musikilize maisha ya Olga Kadogo kama bibi yake Euphrasie, aliyemulea, alivyoyatamka, na anayeyasoma ni Zakaria, kaka mukubwa wa mume wa Olga.

Olga alizaliwa Kabambare tarehe 14 Machi 1988, mama yake akafa yeye hajaota jino, akabaki mikononi mwa bibi, akanyonyeshwa na jirani. Shule ya musingi alisoma kwao, sekondari hapa Kasongo, akapata diploma ya serikali mwaka 2007, akawa mwalimu ambaye watoto aliowafundisha walirudi kwao wakicheka bila kuweza kueleza kilichowachekesha. Tarehe 18 Agosti 2012 aliolewa na Placide, mufanya biashara ya zahabu wa Lusangi, wakakaa hapa Kasongo, wakazaa Josué na Elodie.

Mwaka 2019 aliacha kufundisha, akaanzisha hapa Kasongo festivali ya filamu fupi na michezo ya ajabu, kila mwezi wa saba, shuka jeupe likifungwa ukutani. Mutu aliona fundi wa kushona akimupima kuku suruali, aliona pikipiki ikizungusha kitanda mujini na mutu amelala juu yake, na wazee waliouliza, "Sasa hadithi iko wapi?" aliwajibu, "Haiko, baba, tazama tu."

Mwaka 2022 aliketi katikati ya soko akalia bila kufiwa, apate kuona watu watafanya nini. Wamama wauza sombe, majani ya muhogo, hawakujua kama ni mchezo, wakavua viatu, wakaketi chini naye wakalia, huyu akimutaja mume aliyezama mutoni kule Nyangwe, yule mutoto aliyebaki kwenye shimo la zahabu, wengine wakaleta kuni na unga kama kwenye kilio chochote, na Olga akashindwa kusema ukweli mpaka jua likashuka. Aliposema, mama Jeanine, mumoja wa wale wamama, alifuta pua akamwambia, "Wewe ulikuwa unacheza, sisi hatukucheza. Mwaka ujao utuambie mapema, tulete mikeka." Wakaileta, na kila mwaka tangu pale.

Jamaa ya mume iliona haya, ikasema mwanamuke huyu amechezea kilio cha watu. Mwezi wa kwanza mwaka 2025 alianza kuugua figo, akafa hospitalini tarehe 9 Mei, na wakubwa wa jamaa hiyo wakapatana karatasi ya kusoma leo iseme kwamba alikuwa mwalimu, basi, festivali iachwe. Bibi aliomba asomewe ile karatasi, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na miaka hii sita alikuwa amelala? Mukwe wangu Zakaria, ukiruka kazi yake unazika mutu mwingine, na mimi kwa kilio cha mutu mwingine sikai, niitieni pikipiki." Zakaria, aliyekuwa wa kwanza kukataa festivali, alichukua kalamu, akaiandika sehemu hii muliyoisikia kwa mukono wake.

Jamaa inawashukuru waganga wa hospitali na wauguzi waliomuhangaikia, majirani waliochota maji, walimu aliofundisha nao, wenzake wa festivali, na wamama wa soko. Kilio kitakaa hapa hapa kwa mume wake, na bibi ameketi mbele yenu, hakwenda popote.

Olga, mutoto wa Euphrasie, pumzika kwa amani.