Bi. Verlene na Ramani Iliyosahau Makaburi

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne katika idara ya kodi ya mji wetu wa Sorrel Creek, Texas, Bi. Verlene Kubacek anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti. Idara ina watu watatu. Kuanzia wiki ijayo tutabaki wawili, na tayari tumeshaanza kugombania nani atapokea simu.

Alianza kazi kwa kupokea simu hizo hizo, akapanda kuwa karani, na miaka kumi na minne iliyopita akakabidhiwa idara. Kila Ijumaa alileta kolachi, vile vitumbua vya Kicheki vya kuoka vyenye tunda katikati, alizooka mwenyewe, na aliyechelewa aliachiwa ile ya plamu kavu ambayo hakuna aliyeitaka. Walipakodi walimjia wakiwa mbogo. Aliwaacha wamalize, kisha akawauliza hali ya mama zao, kwa majina. Wengi waliondoka wamesahau walichokuja kulalamikia, ingawa wachache walirudi kesho yake walipokumbuka.

Lakini tutakalomkumbukia zaidi ni jambo la majira ya baridi yaliyopita. Yeye mwenyewe ametuomba tusiliandike. Utusamehe, Bi. Verlene.

Kila mtu hapa anajua kwamba askari wakimaliza utumishi katika kambi ya jeshi iliyo jirani hununua nyumba kwetu, na tunafurahi. Wale ambao vita viliwaacha na ulemavu kamili hawatozwi kodi ya nyumba, na ni haki yao. Ila kwetu wamekuwa karibu nyumba moja katika kila tano, na mji mdogo huishi kwa kodi hiyo. Desemba baraza lilitangaza kwamba bajeti haitoshi: gari la wagonjwa lingeondolewa ifikapo Julai, na la karibu zaidi lingekuwa mwendo wa dakika arobaini.

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Kwenye duka la chakula cha mifugo watu walikuwa wakihesabu kwa vidole nani halipi, na wakinyamaza mmoja wa askari hao akiingia. Naona aibu kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi moja Sajenti mstaafu Delmar Ybarra, aliyepoteza mguu na sikio moja vitani, aliingia ofisini kwetu na barua ya kuukataa msamaha wake wa kodi.

“Mama, nifute kwenye orodha,” alisema. “Sitaki mtu afie njiani kwa sababu yangu.”

Bi. Verlene aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akamrudishia mkononi. “Sajenti, msamaha huu si sadaka uliyopewa. Nenda nyumbani, jambo hili niachie mimi.”

Jimbo lina ruzuku kwa ajili ya miji iliyopungukiwa kwa namna hii. Sharti mojawapo ni neno moja tu: mji uwe unapakana na kambi ya jeshi. Tulijaza fomu, tukaambatanisha ramani yetu, tukaanza kujipongeza mapema. Majibu yalikuja kwa adabu kabisa. Kwa mujibu wa ramani yenu wenyewe, yalisema, kati ya nyumba yenu ya mwisho na uzio wa kambi kuna ekari kumi na moja ambazo si za mji. Tulipewa siku kumi na mbili kuleta ushahidi mwingine.

Jumapili iliyofuata Bi. Verlene alikwenda makaburini kumpelekea baba yake maua, na, kwa maneno yake, kumlalamikia. Baba yake naye alikuwa askari. Alipochoka kulalamika akaegemea uzio ulio nyuma ya kaburi, na mbele ya pua yake kulikuwa na kibao: mali ya jeshi, usipite. Anasema alicheka kwanza, kisha akalia.

Sisi watu wa kodi tuna ugonjwa wetu: ardhi isiyotozwa kodi hatuioni. Ramani ile aliichora yeye miaka ishirini iliyopita, akapaka rangi kila kiwanja kinacholipa. Makaburi hayalipi, kwa hiyo aliyaacha meupe. Na zile ekari kumi na moja zilikuwa makaburi yetu wenyewe, ambayo mji uliyaingiza ndani ya mipaka yake mwaka 1958.

Kilichobaki ni kupata azimio la baraza la mwaka huo. Tulilitafuta siku nne katika stoo ya maktaba ya zamani, nyuma ya mapambo ya Krismasi, mimi nikishika tochi na kupiga chafya. Tulipolipata lilikuwa limeliwa na panya kwenye pembe, lakini sahihi zote zilisomeka.

Angeweza kulituma jimboni kimya kimya. Badala yake alisimama mbele ya baraza, miezi michache tu kabla ya kustaafu na rekodi isiyo na doa, akasema: “Ramani niliichora mimi, na makaburi niliyaacha mimi. Kama mlikuwa mnatafuta wa kumlaumu, ni mimi; mwacheni Sajenti na wenzake.” Akaomba maneno hayo yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Yaliandikwa.

Ruzuku ilikubaliwa. Haizibi pengo lote, na kila mwaka lazima iombwe upya, hivyo ametuachia ukurasa mmoja wa maelekezo. Mstari wa kwanza unasema: “Makaburi ni sehemu ya mji.”

Mwezi Juni baraza lilipiga kura, na gari la wagonjwa likabaki. Watu walipokuwa wakiinuka kuondoka, Sajenti Ybarra aliomba kipaza sauti. Hakuwa mtu wa hotuba.

“Tangu Desemba nimekuwa nikienda mji wa jirani kununua mkate,” alisema. “Kesho nitanunua hapa.”

Hakuna aliyejua pa kutazama. Kisha mwenye duka la chakula cha mifugo akavua kofia yake, akaenda kumfungulia mlango, na wakatoka pamoja.

Bi. Verlene, ahsante kwa kazi yako. Tunakuombea afya njema, na asubuhi nyingi za kuamka saa utakayo.