Kiwanja Kinachomngoja Mkaguzi

Benchi la karakana lilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Jumamosi ile asubuhi wenye benchi walikuwa wamekwisha kaa. Waziri, ambaye hajawahi kushika ofisi yoyote, aliwazungumzia wafadhili kama watu waliolala kwake jana. Dobi alikuwa ameiacha pasi ikipoa. Shangazi, muuza kahawa, aliketi kwenye kigoda, birika mbele yake. Cheche, fundi wa kuchomelea na mwenye karakana, hakuwa amegusa kikombe chake. Ng'ambo ya barabara kiwanja cha mtaa kilikuwa kitupu, kimefungwa kwa geti alilolitengeneza yeye mwenyewe. Mfuko mmoja wa ruzuku uliahidi kumtuma mkaguzi. Akiridhika kwamba mtaa una shida, mtaa ungepata uwanja wa michezo ya watoto na chumba cha ushauri kwa wazazi. Mkaguzi alikuwa ameahirisha safari mara mbili.

— Leo nafungua, Cheche alisema.

— Unafungua nini? Waziri aliweka kikombe chini. Cheche, usituharibie.

— Mjukuu wangu kavunjika mguu, ana plasta mpaka pajani. Kagongwa kule kwenye mashine ya kusaga, malori yanakogeuzia. Alikwenda kucheza kule kwa sababu huku tumefunga.

— Pole, ndugu yangu. Tulishakuja nyumbani, tukasema pole.

— Mlikuja, mkanywa chai, mkaniuliza kama geti bado limefungwa.

Shangazi aliguna. Waziri alijifanya hakusikia.

— Mmesahau yaliyoupata mtaa wa pili? Waliomba kama sisi. Mkaguzi akakuta watoto wanabembea kwenye matairi, wanacheka. Wakanyimwa. Mfadhili hampi anayecheka.

— Wewe ulikuwepo? Cheche aliuliza.

— Habari zinanifikia.

— Si kicheko, Dobi aliingilia. Mimi nawafulia mashati watu wa miradi, nawajua. Shida ni nyayo. Akikuta nyayo za watoto, anasema kiwanja kinatumika, hawa wanajiweza. Ndiyo maana nikasema tufagie.

— Tukafagia, Shangazi alisema. Mgongo wangu haujanisamehe.

— Na sasa majani yameanza kuota, Waziri alisema. Hiyo ni nzuri zaidi. Yanaonyesha majonzi.

— Majani nayo yamefiwa? Shangazi aliuliza.

Dobi alishusha sauti.

— Nyie chekeni. Wale wana picha za kutoka angani. Wanatuona hata hapa tulipo. Kikionekana kichwa kimoja kidogo mle ndani, faili limefungwa.

— Basi na lori wameliona, Cheche alisema.

Cheche alikumbuka siku aliyoshusha bembea za matairi. Alikata minyororo kwa mkono wake, na mjukuu wake alimshikia ngazi.

— Zinarudi lini, babu?

— Kesho kutwa, alimjibu. Hapo mkaguzi alikuwa hajaahirisha hata mara moja.

— Wiki moja tu, Waziri alisema, sasa kwa upole. Tukipata huu msaada, watoto wa mtaa mzima watacheza mpaka wachoke. Na kile chumba je? Binti yako mwenyewe si ndiye aliyesema hana pa kupeleka shida zake?

— Alisema.

— Sasa?

— Sasa analala chini, kando ya kitanda cha mtoto.

Waziri alikigeuzageuza kikombe mkononi.

Mwanamke mmoja alivuka barabara kutoka upande wa kiwanja, viatu vimejaa vumbi. Aliomba kahawa. Shangazi alimmiminia, naye akanywa nusu akiwa amesimama.

— Kile kiwanja ni cha nani?

— Cha mtaa, mama, Waziri alijibu, akijiweka sawa. Tunangoja wafadhili. Kama ulivyojionea, hatuna kitu.

— Basi mkaguzi wenu ndiye mimi. Natoka mfuko wa ruzuku. Nimewahi kidogo, sikutaka mapokezi.

Dobi alisimama, akakaa, akasimama tena. Waziri alifunga kifungo cha juu cha shati.

— Karibu sana, mheshimiwa. Shangazi, mwongeze mgeni kahawa!

— Ahsante, hii inatosha. Nimezunguka kiwanja chote, nikapita na vichochoro vya nyuma. Nina swali moja tu. Watoto wako wapi?

— Shule, Waziri alisema.

— Leo Jumamosi.

— Wamelala, Dobi alisema.

— Saa nne hii?

Shangazi alifunua birika, akatazama ndani, akafunika. Mgeni alimgeukia Cheche.

Cheche alilijua jibu. Akilitaja, itabidi awataje na waliowafukuza, naye akiwa mmoja wao, na ruzuku huenda ikaondoka na huyu mama. Asipolitaja, geti litabaki limefungwa wiki nyingine. Alikohoa.

Kutoka upande wa mashine ya kusaga, honi ya lori ililia, ndefu, kisha breki. Wote wanne waligeuza shingo kwa pamoja. Dobi aliukamata ukingo wa benchi. Walibaki hivyo mpaka honi iliponyamaza na wakahakikisha kwamba hakuna ukelele uliofuata.

Mgeni aliwatazama mmoja mmoja. Alimrudishia Shangazi kikombe.

— Kumbe mnajua walipo, alisema.