Alikula Kwangu, Akanikana

Bamaman na bapapa wa kikundi chetu cha kulima, muniache nisimame hapa karibu na mulango, juu nikikasirika napenda kutembea. Na leo nitakasirika. Jina la yule aliyenikana sitalitaja, musiniulize.

Mimi ni Mutwa, mutu wa pori, wa pande za Mudaka. Wote munajua namna tuliishi na majirani zetu Bashi. Ukiomba maji kwao, kikombe hawakupi. Unakinga mikono, wanakumwangia. Kula kwetu? Haiwezekani, chakula cha Batwa eti ni uchafu. Lakini nilikuwa na rafiki, maman mumoja Mushi wa Bukavu aliyenunua makaa yangu sokoni. Huyo alinisalimia kwa mukono. Nilimupenda, nawaambia kweli, kama dada wa tumbo moja.

Vita ikafika. Askari waliingia mujini, watu wakatawanyika, na yeye akakimbilia kwangu. Tukapanda porini. Ndugu zangu, yule mama hakujua jani la kula na jani la sumu! Mimi ndiye nilichimba viazi vya porini, nikatafuta uyoga, nikapika mboga bila chumvi, tukala mu chungu kimoja, mikono yetu inagongana. Aliniambia, "Dada, bila wewe ningekuwa nimeshazikwa." Wengine walitoka porini mifupa mitupu, yeye alishuka mujini na mashavu yake yote.

Vita ilipotulia kidogo, kukawa ndoa ya binti yake. Nikaenda Bukavu na kikapu cha viazi vile vile, zawadi. Wakanipa chakula nyuma ya nyumba, juu ya jani la mugomba, peke yangu. Nikala. Halafu shangazi yake mumoja akamuuliza, "Iko kweli ulikula kwa Batwa?" Mimi niko pale pale, nasikia. Akacheka: "Miye? Afadhali nife na njaa!" Watu wote wakacheka naye. Viazi vyangu wakamwangia nguruwe.

Ile ilinichoma, jamani. Toka siku ile sikupika tena chakula chetu. Nikasema nitakula kama watu: bugali nyeupe ya mihogo, na chumvi, basi. Uyoga nikakataa. Mboga za porini nikakataa. Maharage sikuwa na uwezo nayo. Miguu ikavimba, nywele zikageuka rangi, fizi zikatoa damu. Nikawaza ni karuho, ile sumu ya polepole. Nani mwingine kama si yeye, aliyenilisha nyuma ya nyumba? Nikaenda kwa muganga anayetapisha watu, nikatapika mupaka nguvu ikaisha. Nikabaki kwa mukeka, namulaani, nangoja kufa.

Binamu yangu akanibeba mugongoni mupaka kwa kituo cha afya. Muuguzi, Mushi kama yule rafiki, akanifinya muguu, kidole kikaacha shimo.

"Maman, unakula nini?"

"Bugali."

"Na nini?"

"Na chumvi."

"Toka lini?"

Nikamueleza yote. Akaketi pembeni ya kitanda. "Hakuna sumu hapa, maman. Yule mutu amekunyang'anya chakula chako kwa mudomo tu, na wewe ukamuachia."

Mungu wangu! Nililia pale kama mutoto. Sumu ningeielewa. Lakini kufa juu ya kicheko cha watu wa ndoa?

Akaniambia nikule maharage, mboga ya lengalenga, vile visamaki vya sambaza nikipata, na viazi vyetu na uyoga wetu. Nikasema watu watanicheka. "Pika," akajibu, "nitakuja." Na alikuja kweli, akaketi mukekani, akala mbele ya majirani, hakufunika uso. Polepole miguu ikapungua. Leo nalima, munaniona.

Asante kwa muuguzi yule. Asante kwa binamu yangu, mugongo wake bado unamuuma. Na ninyi wa kikundi hiki mulinipa mbegu ya maharage bila kuniuliza kabila, Mungu awabariki. Bamaman, chakula kilichowalea wazee wenu musikionee haya. Mwili haujui kicheko, unajua kile umekula. Yule rafiki sijamusamehe. Padri ananiambia niombe. Naomba, lakini hasira haitoki.

Basi, nimemaliza. Pale nyuma kuko sufuria, nimepika viazi na uyoga leo asubuhi. Sahani sikuleta. Anayetaka, anawe mikono. Asiyetaka, aniambie sasa, hapa, akiniangalia kwa macho.