Nyumba Iliyojengwa Mara Mbili

Marehemu baba yetu, Lindsay Alwyn Trembath, alizaliwa tarehe 9 Machi 1943 mjini Kapunda, Australia Kusini, katika nyumba ya mawe ya meneja wa mgodi, ambayo babu alikuwa mtunzaji wake, akiwa mtoto wa pili baada ya shangazi Merle, tuliye naye hapa leo. Familia ilihama nyumba hiyo mwaka 1946, na nyumba ikabomolewa mwaka 1974.

Alisoma Kapunda hadi 1958, akafanya kazi ya useremala wa samani mjini Gawler hadi 2003, akamwoa mama yetu, Coral Heinrich, tarehe 6 Mei 1967, wakajaliwa watoto wawili, mimi Glenys na Dean. Mama alifariki mwaka 2009.

Mwaka uliofuata baba alianza kuijenga upya nyumba alimozaliwa, kwa mfano mdogo mara ishirini na nne kuliko ile ya kweli, bila kununua kipande chochote kilicho tayari, kila jiwe na kila kigae akikichonga mwenyewe, akifuata picha moja tu iliyobaki. Ilimchukua miaka kumi na moja. Shangazi alipokuja kuitazama, aliizunguka, akasema, "Lin, mbona umeigeuza? Jikoni kwa mama kulikuwa mashariki."

"Dada, picha haidanganyi."

"Haya, basi picha ndiyo iliyozaliwa mle, si mimi."

Baba akachukua lenzi, akaona pichani vifungo vya koti la babu vimekaa upande wa kike: picha ilisafishwa kinyume, na nyumba nzima ilikuwa kinyume. Siku hiyo hakula. Aliibomoa, akaanza upya akiwa na miaka sabini na minane, akitaka dada yake alione jiko la mama yao mahali pake wakiwa hai wote wawili.

Saratani ya mapafu iligunduliwa Februari 2024. Dean alipojitolea kumsaidia kukata mbao, alimkatalia, "Ukikata wewe, itakuwa nyumba yako." Tarehe 31 Julai, hospitalini, baba alimwuliza shangazi kama ameiona nyumba, naye akamjibu, "Nimeiona, Lin. Iko sawa." Baba alifariki tarehe 2 Agosti, saa kumi na moja alfajiri.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa mtaa wetu, na mafundi wenzake wa Gawler.

Shangazi ameniomba niseme pia, kwa kuwa marehemu hakuvumilia kipimo cha uongo, kwamba upande wa mashariki wa nyumba ile ni ubao mtupu, jikoni hakujajengwa, na yeye shangazi alilijua hilo alipomjibu baba.

Baba, weka chini kisu chako, upumzike kwa amani.