Dakika Saba za Luiza Rebello

Baba Paroko, wanakwaya wa Misa ya Kiswahili, majirani wa Crescent Town, nanyi wageni mliosafiri kutoka mbali ambao wengine hatujuani, kwa niaba ya familia naomba mnisikilize. Mimi ni Domnic Rebello, kaka wa marehemu, nimemtangulia kuzaliwa kwa miaka minne, na karatasi hii imeandikwa na watoto wake, nami nitaisoma nikichomeka ninayoyakumbuka mwenyewe, ila mahali pamoja nitaiacha.

Marehemu Luiza Rebello alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 mjini Tanga, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Caetano Rebello, aliyekuwa karani wa reli, na marehemu Ermelinda, mama wa nyumbani na mshonaji. Alianza darasa la kwanza mwaka 1963 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1973, na huko shuleni mtawa mmoja alimfundisha kupiga kinanda, kisha akaja nyumbani kushtaki kwamba mtoto ana vidole vizuri lakini akibonyeza hataki kuachia, na mama akamjibu kwamba hata chakula anakula hivyo hivyo, Sista, tumemzoea.

Tarehe 8 Septemba 1975 tulihamia Toronto, wazazi na sisi wawili, tukapanga Crescent Town, ghorofa ya kumi na saba, na marehemu hakuhama tena jengo lile hadi mwisho wa uhai wake. Mwaka 1977 alihitimu stashahada ya ukarani, akaajiriwa Novemba mwaka huo na kampuni moja ya bima katikati ya jiji, akaitumikia kwa miaka thelathini na mbili bila kuchelewa hata siku moja, na wafanyakazi wenzake, ambao leo nawaona wamekaa upande wa kushoto, wameniambia pale mlangoni kwamba hawakujua kabisa kama alikuwa mwanamuziki.

Tarehe 5 Mei 1984 alifunga ndoa na marehemu Nigel, mpiga tarumbeta wa bendi iliyotumbuiza kwenye harusi zetu Wagoa, na ukweli ni kwamba bendi ilipovunjika Luiza alichukua kinanda chao cha umeme, kile chenye vifundo vingi vya kugeuza sauti, Nigel akaenda kukidai, akarudi na mchumba badala ya kinanda. Mungu aliwajalia watoto wawili, Yolanda, aliyezaliwa mwaka 1986, na Kyle, aliyezaliwa mwaka 1989, na Nigel alitangulia mbele ya haki tarehe 30 Juni 2009.

Sasa nifike kwenye muziki wake, ambao wengi wetu humu hatukuuelewa, na mimi nikiwa wa kwanza. Ulikuwa muziki wa mitambo usio na mdundo wala maneno, sauti moja inashika, inakaa, inageuka taratibu kiasi kwamba ukitoka kwenda kuchemsha chai ukirudi unaikuta karibu palepale. Kaseti yake ya kwanza aliitoa Desemba 1991, ndani yake mna kinanda, lifti ya jengo letu na vyuma vya kupashia nyumba joto vikigongagonga, alitengeneza nakala sitini akatugawia ndugu kama zawadi ya Krismasi, shangazi yetu wa Mississauga akarekodia rozari juu yake, na mimi nilimrudishia yangu nikamwambia imekwama. Aliipokea, akanishukuru, akanipa nyingine.

Jirani yake Bi Kulsumbai, ambaye yupo nasi leo, kwa miaka kadhaa alikuwa akigonga mlango na kusema, “Luiza, mabomba yako yanalia tena,” akaita fundi wa jengo mara tatu, na alipoelezwa ukweli akasema basi usizime, nimeshazoea kusali huku yakilia.

Kutambuliwa kulikuja kwa kuchelewa, na kulitoka ugenini. Mwaka 2008 kampuni ndogo ya santuri huko Ubelgiji ilimwandikia barua, ikatoa upya kaseti zake, akaalikwa Montréal, Berlin na Osaka, mwanamke wa miaka hamsini na ushee na sweta lake la ofisini, na watu walilipa kiingilio ili walale chini kwenye mikeka wakimsikiliza. Nilikwenda kumwona mara moja, hapa hapa Toronto, nikakaa kwenye kiti na koti langu mwilini, nikalala usingizi, nikawaambia jamaa kwamba nimelala kwa kuchoka.

Karatasi ya watoto inaendelea hivi: “Tangu mwaka 1996 alipiga kinanda katika Misa ya Kiswahili ya parokia hii, akaacha mwaka 2011 kutokana na maumivu ya mikono.” Hapa ndipo ninapoiacha karatasi. Mikono yake haikuuma.

Mama yetu alifariki tarehe 22 Januari 2011, tukamwombea Misa ya mazishi humu humu tarehe 27, na Luiza alikuwa amemtungia mama muziki wa dakika kumi na mbili, wa kupigwa baada ya komunyo. Alianza, sauti ikashika, ikakaa, dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikaona watu wanageuza shingo, mtu nyuma yangu akacheka, na mimi nilikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya parokia, mtu wa kuheshimiwa, nikaona aibu mbele ya jeneza la mama yangu mzazi. Nikainuka, nikashuka chini kwenye chumba cha umeme, ufunguo nilikuwa nao, nikazima swichi ya kinanda, nikarudi na kuwaambia watu umeme umekatika upande wa kwaya. Ilikuwa dakika ya tano. Luiza hakuinuka, hakugeuka kutazama, aliacha vidole pale pale vilipokuwa, macho kwenye saa ya ukutani, dakika saba nzima, kisha akainua mikono na kufunga kifuniko. Hakupiga tena katika kanisa hili, na habari ya mikono kuuma niliitunga mimi, watoto wameirithi kwangu.

Mwaka 2013 alitoa santuri ya “Misa ya Mama”, iliyompa jina kuliko zote, sauti ya dakika tano, inakatika ghafla, halafu kimya cha dakika saba. Wahakiki waliandika kwamba kimya kile ni uhamiaji, wengine wakasema ni Tanga, profesa mmoja wa jiji hili alikifundisha darasani, na Luiza alipoulizwa na mwandishi wa jarida alijibu, “Hicho ni cha kaka yangu,” nao wakachapa kwamba amekitoa kwa heshima yangu. Watu walinipongeza. Nilisema asante.

Tarehe 3 Februari mwaka huu alibainika kuwa na saratani ya kongosho, na katika siku za hospitali nilikwenda kumwona mara kumi na tisa, tukaongea habari za theluji, za maegesho na za magoti yangu, kila nikitoka nilisema nitamwambia kesho, hadi Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, alipofariki mikononi mwa Yolanda akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Najuta, na sina namna nyingine ya kulisema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, Bi Kulsumbai na majirani wote wa ghorofa ya kumi na saba, wenzake wa ofisi ya bima, wanamuziki mliotoka ng’ambo, Baba Paroko na kwaya. Juzi Yolanda aliikuta kwenye vitu vya mama yake rekodi kamili ya muziki ule, dakika kumi na mbili zote, nayo itapigwa sasa hivi kabla hatujamtoa, wenye miguu mibovu kaeni, na ufunguo wa chumba cha umeme nimemkabidhi Mzee Kangethe wa kwaya mbele ya mashahidi.

Luiza, mdogo wangu, ni mimi niliyezima. Pumzika kwa amani, tutakaa mpaka muziki wako uishe.